Msitu Umeshakuona: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kupiga Picha Wanyama kwa Mwendo wa Kimya

Nilitembea saa tatu nzima bila kuona mnyama hata mmoja. Changarawe ikaniingia kiatuni, nikakaa kwenye gogo niitoe. Kamba ilikuwa imeloa na fundo limegoma, kwa hiyo nikabaki pale kama dakika kumi, kiatu kimoja mkononi. Nilipoinua kichwa, funo, paa mdogo wa msituni, alikuwa amesimama hatua kumi na tano mbele yangu. Anatafuna, sikio moja limenielekea mimi, la pili limegeukia nyuma. Juu yake tumbili walikuwa wanakula na kuangusha matunda nusunusu, naye chini anaokota. Kamera yangu ilikuwa ndani ya begi, zipu imefungwa.

Tumbili wale nilikuwa nimewapita mara mbili asubuhi hiyohiyo, nikiwaona ni kelele tupu wakati mimi natafuta mnyama wa maana. Baadaye nilijifunza kwamba paa wadogo wa msituni wana kawaida ya kufuata nyani, tumbili na ndege wala matunda ili wale kinachoanguka. Waliokuwa wananielekeza nilikuwa nawapuuza, na miguu yangu ndiyo iliyokuwa inawafukuza wengine. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inatokana na ile changarawe.

1. Chagua saa na eneo dogo

Toka mapema. Uwe umeshafika msituni kabla mwanga haujatulia, si ndio kwanza unafunga viatu. Saa mbili au tatu za kwanza baada ya mapambazuko ndizo zenye mambo mengi: ndege wanaimba, wanyama wa usiku wanarudi kulala na wa mchana wanatoka kula. Jioni, kabla jua halijazama, kuna nafasi ya pili. Mchana wa jua kali unafaa zaidi kwa vipepeo na mijusi.

Mvua ikishakatika ni wakati mzuri kuliko watu wanavyodhani. Majani makavu yamelainika, hayapasuki chini ya kiatu, na rangi zimekolea. Siku ya upepo mkali ningekushauri ubaki nyumbani. Kila tawi linacheza, huwezi kutofautisha mnyama na jani, na wanyama wenyewe wana wasiwasi kwa sababu masikio yao hayawasaidii.

Kuhusu mahali, usijaribu kumaliza msitu. Chagua kipande unachoweza kukitembea polepole kwa asubuhi moja, kisha ukirudie tena na tena. Tafuta kingo ambapo miti inakutana na uwazi, kijito, dimbwi, na hasa mti unaozaa. Mtini uliojaa matunda ni hoteli: wageni wanakuja kwa zamu mchana na usiku, na wewe huna haja ya kwenda kokote.

Kama msitu una tembo, nyati au wanyama wengine wa hatari, usiingie bila mtu anayeujua. Kutembea kimya kuna hasara hiyo moja: unaweza kumshtukiza mnyama ambaye hapaswi kushtukizwa. Na popote uendapo, mwachie mtu taarifa ya njia utakayopita na saa ya kurudi.

2. Nguo na begi

Watu huhangaika sana na rangi ya nguo. Ukweli ni kwamba mamalia wengi wa msituni, ukiwatoa jamaa wa nyani na tumbili, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Macho yao yana aina mbili tu za vipokea rangi, yetu yana tatu. Ndege ndio wanaona rangi nyingi kuliko sisi. Vaa kahawia, kijivu au kijani iliyofifia, epuka nyeupe na buluu inayong'aa, na suala la rangi limeisha.

Sauti ya nguo ndiyo inayowaharibia wengi. Simama chumbani, tembeza mikono, inua magoti, sikiliza. Koti la nailoni linalia kwa kila hatua. Funguo, sarafu, kifuniko cha chupa, na ile mikanda ya kunata inayochanika kama karatasi, vyote vishughulikie kabla ya kutoka. Manukato yaache. Suruali iwe ndefu na uiingize ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu.

Darubini ni muhimu kuliko kamera, na hili nalisema nikijua wapiga picha wengi watabisha. Ya 8×42 inafaa msituni kuliko ya 10×25. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 8×42 inaleta mwanga wenye upana wa milimita 5.25 kwenye jicho lako, 10×25 inaleta 2.5 tu. Chini ya miti minene tofauti hiyo ndiyo kumwona mnyama au kuona kivuli. Isitoshe, inayokuza mara nane haitetemeki sana na inaonyesha eneo pana zaidi.

Kamera iwe shingoni au mkononi, imewashwa, kifuniko cha lenzi mfukoni. Ukiwa umetoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, usifungue begi mara moja kwenye joto lenye unyevu. Kioo kitajaa ukungu na kuufuta hakusaidii. Liache begi limefungwa nusu saa hivi, vifaa vipate joto taratibu.

3. Jua upepo unaelekea wapi

Mnyama akikusikia, anasimama kusikiliza tena. Akikuona, mara nyingi anakukodolea macho kwanza. Akikunusa, hana cha kuuliza, ameondoka.

Weka majivu laini kwenye kitambaa chepesi, kifunge kama kifuko, ukikung'ute mara kwa mara. Majivu yatakuonyesha pumzi ya hewa ambayo shavu lako halikuihisi. Tembea ukiukabili upepo, au ukiukata kwa ubavu. Ukiwa kwenye mteremko, kumbuka kwamba usiku na alfajiri hewa ya baridi hushuka bondeni, na jua likishapasha ardhi hewa hupanda. Hivyo alfajiri anza chini ukipanda, na jua likikolea fanya kinyume. Kuna kipindi katikati ambapo hewa inazungukazunguka bila mwelekeo. Hapo kaa tu.

4. Tembea kama huna unakokwenda

Mzee mmoja aliyekuwa akilinda msitu alinitazama nikitembea, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, unatembea kama mtu anayedaiwa." Nilijitetea kwamba natembea polepole. Akatikisa kichwa. Polepole yangu ilikuwa bado ni ile ya barabarani: hatua, hatua, hatua, kwa mapigo yaleyale. Msituni mapigo hayo humtangaza binadamu, na wanyama wanayajua.

Vunja mapigo. Piga hatua tatu, simama. Tano, simama. Mbili, simama muda mrefu. Unaposimama, simama penye mti wa kukuvunja umbo, si katikati ya njia, na usiinue mguu tena mpaka umemaliza kuangalia mbele, kando na juu. Mita mia moja kwa dakika ishirini ni mwendo mzuri kabisa.

Mguu wenyewe uinue juu kidogo usiburute majani. Gusisha kwanza ukingo wa nje wa kiatu, uzito ukiwa bado kwenye mguu wa nyuma. Ukihisi kijiti, sogeza. Ukihisi udongo, shusha unyayo wote taratibu, ndipo uhamishe uzito. Soli nene haihisi kitu, kwa hiyo kiatu laini ni bora pale ambapo njia inaruhusu. Ukivunja kijiti, ganda. Kijiti kimoja hakina maana msituni, matawi huanguka kila wakati. Cha pili kikifuata palepale ndicho kinachokutaja.

5. Kaa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Kutembea kunakupeleka mahali, lakini picha nzuri nyingi nilizonazo nilizipata nikiwa nimekaa.

Ukiingia mahali, ndege hunyamaza au hubadilisha sauti, kindi hujibanza nyuma ya shina, panya wa msituni huingia chini ya majani. Msitu unaouona dakika tano za kwanza ni msitu uliojificha. Kaa chini, mgongo kwenye shina pana kuliko mabega yako, jua likiwa nyuma yako ikiwezekana, kamera juu ya magoti. Kabla hujatulia, maliza kila kitu: kunywa maji, safisha koo, jikune unapowashwa. Kisha acha kabisa kusogeza mikono. Mwendo wa mkono ndio unaoonekana mbali kuliko yote.

Dakika kumi za mwanzo zinachosha sana. Mbu, ganzi ya mguu, mawazo ya kazi. Karibu na dakika ya kumi na tano hivi kitu kinabadilika, na utakijua kwa masikio: ndege mmoja mdogo anarudi kula karibu yako bila kujali. Wengine wanamwangalia yeye. Kuanzia hapo mpaka dakika ya arobaini ndio wakati wako. Kaa angalau nusu saa kabla ya kusema mahali hapa hapana kitu.

6. Tazama katikati ya miti, si miti yenyewe

Usitafute mnyama mzima. Kwenye vichaka mnyama mzima haonekani. Tafuta kipande: sikio, mkia unaopigapiga, jicho linalong'aa, goti linaloonekana kukunjika kinyume. Mashina ya miti yamesimama wima, kwa hiyo mstari wowote uliolala ushuku. Mara nyingi ni gogo, lakini siku nyingine ni mgongo wa mnyama. Tafuta pia kitu kinachocheza wakati majani mengine yametulia, na tawi moja linaloyumba wakati mengine hayayumbi.

Legeza macho. Usikazie sehemu moja, bali acha uone pembeni zote mbili kwa pamoja kama anayeota mchana. Pembe za macho hazioni rangi vizuri, lakini zinakamata mwendo haraka. Likicheza kitu, geuza macho kwanza, kisha kichwa taratibu, na darubini mwisho. Watu wengi huinua darubini kwanza, nao huishia kutazama majani yaliyokuzwa mara nane.

Viganja nyuma ya masikio, umekunja kama kikombe, vinaongeza usikivu kiasi cha kukushangaza. Vigeuze mbele ya masikio, mdomo wa kikombe ukitazama nyuma, utasikia kilicho mgongoni kwako bila kugeuka.

7. Sikiliza wanaopiga kelele

Jifunze sauti chache tu: ndege wa hapo wanavyoimba wakiwa salama, na wanavyolia wakiwa na hofu. Mlio wa hofu huwa mfupi, mkali, unarudiwarudiwa, na wengine wanaitikia. Ukiusikia na si wewe uliyesababisha, kuna bundi, nyoka, mwewe au paka wa mwituni jirani. Nenda taratibu upande huo, au kaa ungoje upite kwako.

Tumbili ni walimu wazuri wa somo hili. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha utafiti wao wa Amboseli, Kenya, wakionyesha kwamba tumbili wana milio tofauti kwa chui, tai na nyoka. Waliporekodi milio hiyo na kuwachezea wakati hakuna adui yeyote, wa chui uliwafanya wakimbilie mitini, wa tai watazame juu, wa nyoka wasimame na kukagua chini. Kwa mpiga picha hiyo ni ramani: angalia tumbili wanatazama wapi, nawe tazama huko.

Na wala si wao tu wanaojisikiliza. Katika msitu wa Taï, Cote d'Ivoire, ilionekana kwamba hondohondo, ndege wenye mdomo mkubwa, huitikia mlio wa kima wa Diana (jamaa wa tumbili) unaotangaza tai, lakini ule unaotangaza chui hawaujali, kwa kuwa chui si tishio kwao. Kama hondohondo anaweza kuokota habari kwa jirani wa kabila lingine, hata wewe unaweza.

8. Soma ardhi, kwa haraka

Usigeuke mfuatiliaji wa nyayo siku nzima, utasahau kuinua kichwa. Yatosha kujua machache. Unyayo wenye ncha za kucha mara nyingi ni wa jamii ya mbwa, fisi, au fungo. Jamii ya paka, ukimtoa duma, hutembea wameficha kucha. Kingo kali na udongo wenye unyevu vinaonyesha ni wa karibuni. Ukiwa na matone ya mvua ndani yake, ni wa kabla ya mvua. Utando wa buibui uliokatiza njia kwa urefu wa kifua chako unasema hakuna mtu aliyepita leo asubuhi, na hiyo ni habari njema. Kinyesi kibichi, gome lililokwaruzwa, maganda ya matunda chini ya mti mmoja: hapo ndipo pa kukaa.

9. Tayarisha kamera kabla ya mnyama

Akitokea, una sekunde tatu, pengine sita. Hutapata muda wa kutafuta kitufe.

Adui wa msituni ni giza. Macho yako yanazoea, kamera haidanganyiki. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho wake, f/4 au f/5.6 kwa lenzi nyingi ndefu. Weka wewe mwenyewe kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga uingie) na uache ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ijipange yenyewe, ukiipa ukomo unaoweza kuuvumilia, tuseme 6400. Kwa mnyama anayetembea au kula, anza na 1/500 ya sekunde. Ndege akiruka, nenda 1/1600 au zaidi. Mnyama akiganda kukutazama, piga picha mbili tatu za haraka kwa 1/500 ili uwe na akiba, kisha shusha mpaka 1/250, halafu 1/125. Kila ukishusha hivyo mwanga unaongezeka maradufu na ISO inapungua nusu: 6400 inakuwa 3200, kisha 1600. Kitulizi cha lenzi kitazuia mtetemo wa mikono yako, ila hakiwezi kumtuliza mnyama.

Usiogope chenga, vile vidoti vinavyoletwa na ISO ya juu. Picha yenye chenga inasafishika; iliyotikisika haina dawa.

Fokasi iwe nukta moja ndogo, uiweke kwenye jicho. Kamera za sasa zinazotambua macho ya wanyama zinasaidia sana uwanjani, lakini kwenye matawi mengi hung'ang'ania jani la mbele. Zima sauti zote, tumia shata ya kielektroniki kama ipo, ila mwangalie ndege anayepiga mabawa: shata hiyo inaweza kuyapinda kwenye picha. Piga mfululizo mfupi wa picha tatu nne. Kumwaga picha mia kwa mnyama aliyesimama ni kujipa kazi ya kufuta usiku.

Mwanga unahitaji akili yako, maana kamera hukadiria kila kitu kuwa cha wastani. Mfano mzuri ni mbega mweusi na mweupe juu mtini, nyuma yake mbingu nyeupe. Ukiiachia kamera iamue, utapata kivuli cheusi chenye mkia. Ongeza mwanga kwa hatua moja na nusu, hata mbili. Anga itaungua, iache iungue, uso wenye mikunjo kando ya pua utaonekana. Akishuka kwenye kivuli na miale ya jua ikadondokea manyoya yake meupe, fanya kinyume, punguza kidogo. Hifadhi picha katika RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili ule ukijani unaoakisiwa na majani uuondoe baadaye bila kuharibu rangi.

Shuka chini. Picha ya funo iliyopigwa ukiwa umesimama ni picha ya mgongo. Ukiwa umekaa, jicho lako na lake vinalingana, na majani ya mbele yanageuka ukungu laini wa kijani. Usimbane pia ndani ya fremu kila mara; mnyama mdogo kati ya mizizi mikubwa anaeleza msitu vizuri kuliko uso peke yake.

10. Ukiwa na simu tu

Usivute picha kwa vidole mpaka mwisho. Mara nyingi hapo simu inakata kipande na kukikuza tu. Bora utumie simu kwa walio karibu: kinyonga, konokono, chura, buibui na utando wenye umande. Karibia taratibu, gusa skrini juu ya jicho, shusha mwanga kidogo, egemeza viwiko mahali. Unaweza pia kuweka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini. Kuzilinganisha kunaudhi na siku ya kwanza utapata duara jeusi, lakini ukizoea utapata ndege wa juu mtini bila kununua kitu kingine.

11. Ujue mahali pa kuacha

Mnyama aliyeacha kula na kukukazia macho ameshakuambia. Akikanyaga chini kwa nguvu, akitoa mlio wa hofu, akibeba mtoto au kutembea huku na huko, umezidi. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, bila kumkazia macho.

Kiota kisisogelewe. Usikate tawi ili kuona vizuri. Tawi hilo ndilo linalowaficha makinda. Usicheze rekodi za sauti za ndege kuwaita, kwani ndege anayedhani kuna mpinzani anaacha kula na kutunza kiota ili aje kupigana na simu yako. Usirushe chakula. Flashi usiimulike machoni pa bundi au komba, ambao macho yao yameumbwa kwa giza. Na kama una mafua, usiende kwa sokwe wala gorila: magonjwa yetu ya njia ya hewa huwapata na huwaua.

12. Ukirudi

Kabla hujaonyesha picha kwa watu, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Mara nyingi simu huandika mahali picha ilipopigwa, na picha ya bundi kwenye kiota au mnyama anayewindwa inaweza kuwa ramani kwa mtu mbaya. Usitaje pia jina la njia wala la mti.

Kisha andika kwenye daftari siku hiyohiyo: saa, upepo, mti uliokuwa unazaa, nani alilia na ulikaa wapi. Daftari langu lina ukurasa wenye sentensi moja tu, "Funo, hatua kumi na tano, kiatu mkononi," na chini yake nimechora gogo na mti wa matunda. Nimerudi pale mara sita. Mara nne alikuwepo.